Mama Mzaa Bibi: Tunayodhani na Yaliyo Kweli

Muulize mtu wa kwetu jina la baba mzaa babu yake, mara nyingi atakutajia, na pengine akakupandisha hadi wa tano. Muulize mama mzaa bibi yake anaitwa nani, atanyamaza. Nilikuwa hivyo hivyo. Kwa miaka mitatu sasa namtafuta mama mzaa bibi yangu, wa upande wa mama, aliyeishi kati ya Pangani na Muheza, na kila nilikopita nimeambiwa maneno yaleyale ya kunikatisha tamaa. Mengi si kweli.

"Wanawake wa zamani hawakuandikwa popote."

Hawakuandikwa pale tunapokimbilia kutafuta. Kodi ya nyumba ilianza Tanganyika mwaka 1898, enzi ya Wajerumani, na aliyedaiwa kwa kawaida alikuwa mwenye mji, mwanamume. Kenya, kipande, yaani kitambulisho cha enzi ya ukoloni, kilichoanza kugawiwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza kilikuwa cha wanaume peke yao. Ukimtafuta bibi humo utatoka mikono mitupu. Lakini mwanamke wa pwani alinunua minazi, akauza, akarithi, akaweka nyumba wakfu, akamshtaki mume kwa kadhi, na mambo hayo yaliandikiwa hati. Nyaraka za Zanzibar, pale Kilimani, zina hati za mauziano za tangu karne ya 19, na wanawake wamo, wauzaji na wanunuzi. Kwa Wakristo kuna madaftari ya ubatizo na ndoa. Bagamoyo misheni ilifunguliwa mwaka 1868. Humo usimtafute kama mtoto anayebatizwa tu. Mtafute pia kama msimamizi wa watoto wa wenzake.

Na kabla ya kupanda basi kwenda nyaraka, fungua masanduku ya nyumbani. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa, na karatasi nyingi za aina hiyo zimelala chini ya kanga za marehemu. Ya kwetu ilikuwa imekunjwa ndogo kama hirizi, tukidhani ni dua. Mwalimu wa madrasa aliposoma mstari wa kwanza akatabasamu: "Hii ni minazi kumi na miwili."

"Bibi yetu aliishi miaka 120."

Hili husemwa kwa mapenzi, na mimi nimelisema msibani bila kufikiri. Ukweli ni kwamba umri wa waliozaliwa kabla ya vyeti unapatikana kwa matukio. Usimuulize mzee mwaka, muulize lilikuwa likitokea nini.

Bibi mdogo, yaani mdogo wake bibi yangu, alikuwa anasuka ukili nilipomuuliza mama yake alizaliwa lini. Akasema hajui. Nikamuuliza alivunja ungo lini. Hapo mikono ikasimama. "Aa, hiyo najua. Mama alisema alikuwa mwari ndani siku za vita vya nyuki."

Vita vya nyuki ni vita vya Tanga, Novemba 1914, jeshi la Waingereza liliposhuka pwani kupigana na Wajerumani na nyuki wakawavamia watu katikati ya risasi. Mwari wa wakati ule tumkadirie miaka kumi na mitatu hadi kumi na mitano. Basi alizaliwa karibu na mwaka 1900. Alifariki mwaka wa Azimio la Arusha, 1967. Miaka sitini na kitu, si 120, na kwangu mimi hesabu hiyo ilimrudisha kuwa mtu: msichana aliyefungiwa chumbani akisikia mizinga.

Fedha nayo inasaidia. Ukisikia mahari ilitolewa kwa rupia, kwa Tanganyika na Kenya hiyo ni ndoa ya kabla au ya mwanzoni mwa miaka ya 1920. Zanzibar rupia ilidumu hadi 1936. Njaa, nzige, majina ya marika, vyote ni kalenda. Hata jina la mtu: Msukuma aitwaye Nzala huenda alizaliwa wakati wa njaa.

"Nikilijua jina lake nitampata."

Lipi? Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, alipozaliwa Fumba aliitwa Mtumwa. Siti ni jina la heshima alilolipata baadaye, na ndilo lililobaki. Bibi wa kawaida naye alikuwa na jina la kwao, la unyagoni, la ubatizo kama alibatizwa, kisha akawa Mama Fulani, na kaburini akalala na hilo la mwisho. Karani au padri aliandika alivyosikia, l na r zikabadilishana. Andika majina yote uliyopewa, hata yale yanayoonekana makosa. Wakikuyu wana bahati hapa: binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba, wa pili la mama mzaa mama, hivyo jina la zamani huzunguka ndani ya ukoo na kurudi.

"Sisi asili yetu inajulikana."

Hapa nenda taratibu. Familia nyingi za pwani zina mlango mmoja wa asili unaotajwa kwa sauti, na mwingine usiotajwa. Soko la watumwa Unguja lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe haukuisha siku ile: amri ya Zanzibar ya 1897 iliwaacha masuria nje hadi 1909, na Tanganyika sheria ya kuukomesha ilikuja 1922. Hiyo ni jana. Mama yake huyu ninayemtafuta aliitwa Mnyasa, nasi tukadhani hilo ni kabila lake. Pwani waliwaita hivyo watu wengi walioletwa kutoka upande wa ziwa Nyasa, wa makabila mbalimbali. Neno linaonyesha njia aliyopitishwa, kijiji chake halikitaji. Jambo hili usiliulize mbele ya wakwe, wala usilitangaze kabla wenye nalo hawajaridhia. Aibu haikuwa yake, ila ukimya ameuweka mtu kwa sababu.

"Kipimo cha vinasaba (DNA) kitamaliza kazi."

Una mababu na mabibi wanane wa daraja ya mama mzaa bibi. Kila mmoja amekuachia takriban sehemu moja ya nane ya vinasaba vyako. Kipimo cha mstari wa mama kinamfikia tu ikiwa ni mama wa mama wa mama yako. Hakitakuambia alimpenda nani.

Hilo wanalo wanawake. Nilipoteza mwaka mzima kuwauliza wajomba. Uliza nani alikuwa somo yake, yaani kungwi aliyemfunda, nani alimcheza unyago, nani alimwosha alipofariki, kisha watafute watoto wa hao. Hati yetu ya minazi ina alama ya dole gumba la mama mzaa bibi, na imemwandika binti wa baba yake. Jina la mama yake, yule Mnyasa, bado hakuna aliyelitamka. Bibi mdogo ameniambia nirudi Muheza machungwa yakiiva, mtoto wa somo huja kununua.