Uzuri wa asili hauko mbugani peke yake

Wengi tunaamini asili ni mambo ya mbugani: bila kiingilio cha Serengeti na gari la kukodi, hakuna cha kuona. Si kweli, na imani hiyo inatunyima mengi.

Mchukue chozi, ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda. Yuko Dar es Salaam, yuko Nairobi, pengine yuko nyuma ya jiko lako, kwenye ua la mgomba, akinywa nekta. Dume akiwa kivulini utamwona mweusi tu. Akigeukia jua, shingo inawaka kijani au zambarau, maana rangi ile hutokana na jinsi manyoya yanavyoakisi mwanga. Jike ndiye fundi: hufunga majani makavu kwa utando wa buibui mpaka kiota kinaning'inia kwenye ncha ya tawi kama kifuko. Ukimwona anachomoa utando ukutani, mfuate kwa macho. Huenda kiota kiko karibu.

Serengeti ni nzuri mno, nenda ukijaliwa. Ila kwa chozi, amka tu mapema. Na ukiwa na nafasi uani, panda mshubiri. Ukichanua, atakuja mwenyewe.