Waridi la grinhausi: kabla hujakata, tafuta jicho

Wakulima wengi wa waridi tunaowatembelea huku Naivasha na Limuru swali lao la kwanza ni dawa gani apige au mbolea gani aongeze, ila ukiingia ndani ya grinhausi unakuta shida ni mkasi tu jamani, yaani namna ya kukata matawi.

Ebu shika tawi moja uliangalie vizuri. Majani ya juu karibu na ua yana vijani vitatu vitatu, ukishuka unapata yenye vijani vitano, na pale jani linapoungana na shina kuna kijicho kidogo chekundu, hapo ndo ua lako lijalo litatokea. Kata juu ya jicho linaloangalia nje, kama nusu sentimita hivi, kwa mshazari, na ubakishe jani moja au mawili ya vijani vitano chini yake. Ukikata karibu sana jicho linakauka, ukiacha kisiki kirefu kinakauka chenyewe halafu ule ukavu unashuka mpaka kwenye shina zima.

Sasa vile vitawi vyembamba visivyotoa ua, tafadhali usivifyeke! Vilaze kuelekea kwenye njia, shina livunjike kidogo bila kukatika, toa tumba kama lipo. Majani yake yanaendelea kutengeneza chakula na mmea unasukuma matawi manene kutoka chini, ndo hayo yatakupa ua refu la soko. Ila chipukizi linalotoka chini ya pale waridi lako lilipounganishwa na shina la mmea mwingine ling'oe kabisa, hilo ni la huo mmea wa chini na halitakupa ua uliyopanda.

Mkasi uchovye kwenye spiriti ukihama mstari, maana bakteria wa uvimbe wa shina wanasafiri nao, na mmea ukishashikwa hauponi. Kata asubuhi na ufungue madirisha ili vidonda vikauke, takataka zote zitoke nje siku hiyohiyo, ule ukungu wa kijivu wa botritisi unaanzia kwenye majani yaliyokufa ndo uhamie kwenye maua.

Na mnaolima maua ya kuuza siku ya Valentine, Februari 14, jamani msingoje Januari, kutoka kukata hadi kuvuna ni wiki 6 mpaka 8 kulingana na aina na baridi, na maua lazima yatoke shambani mapema Februari, kwa hiyo mkasi upite mwanzoni mwa Desemba, ikichelewa sana katikati.