Kabla ya kompyuta kuna kalamu: dhana potofu kuhusu kubuni upya vyombo vya nyumbani

Kila ninapofungua daftari la michoro mbele ya watu hapa Nairobi, iwe kwenye matatu au kwenye kibanda cha chai, mtu huniuliza kama mimi ni msanii. Nikijibu kwamba nachora mitungi, sufuria na majiko ili vitengenezwe vizuri zaidi, hufuata maswali yale yale. Ndani ya kila swali mna dhana, na dhana hizi zimewazuia vijana wengi wenye macho makali kuingia katika kazi hii.

Dhana: Kubuni upya ni kubadilisha sura

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu chombo kibaya humtesa mtu kila siku. Mtazame mama anayetoka kuteka maji Mathare na mtungi wa lita 20. Maji peke yake ni kilo 20, na uzito wote unaning'inia kwenye kishikio kimoja chembamba cha plastiki kinachokata vidole. Mitungi yetu mingi ya manjano ilianza maisha ikiwa na mafuta ya kupikia, kazi ya maji ikaja baadaye.

Sasa ilinganishe na babu yake, debe la chuma la petroli lililobuniwa Ujerumani miaka ya 1930 kwa matumizi ya jeshi. Juu lilikuwa na vishikio vitatu. Anayebeba peke yake alishika cha katikati, wawili wakisaidiana walishika vya pembeni, na madebe mawili matupu yakiwekwa ubavu kwa ubavu, vishikio vya pembeni vilikutana vikatosha kiganja kimoja. Aliyekichora chombo kile alijiuliza kwanza nani atakibeba, kikiwa kimejaa au kitupu. Nikiwa na kalamu mkononi, swali hilo ndilo ninaloanza nalo kabla ya kufikiria rangi.

Mfano wetu wenyewe ni jiko la makaa lenye udongo ndani na bati nje. Lilipatikana hapa Kenya mapema miaka ya 1980, wazo la jiko la ndoo la Thailand lilipooanishwa na jiko la bati walilokuwa wakilifua mafundi wa jua kali. Kile kiuno chake, ambacho wengi hudhani ni pambo, kina kazi. Bakuli la udongo hukaa nusu ya juu na kuzuia joto lisipotelee ubavuni, na chini kuna tako pana ili jiko lisiyumbe ugali unaposongwa. Likitengenezwa sawasawa hupunguza makaa kwa kadiri ya asilimia 30 hadi 50. Kwa nyumba inayonunua makaa kwa kopo, hiyo ni pesa ya unga.

Wakati mwingine jibu sahihi ni kutoongeza kitu. Anayeanza ubunifu karibu kila mara huipa sufuria vishikio. Mimi humwomba kwanza aende soko la Gikomba akaone sufuria zinavyopangwa moja ndani ya nyingine, kubwa ikimeza ndogo, hadi mzigo wa kujaza meza unakuwa kitita cha kubebwa na mtu mmoja. Vishikio vikitokeza nje, mpango huo umevunjika. Basi achore namna ya kuishika ikiwa moto bila kuiharibia kupangika kwake. Hilo ni swali gumu, na zuri.

Dhana: Bila kipaji cha kuchora, huwezi

Mchoro wa ubunifu una kanuni zinazofundishika. Mdomo wa sufuria ukitazamwa kwa mshazari huonekana kama duaradufu, yaani duara lililobanwa. Mhimili wake mfupi lazima ulale kwenye mstari unaopita katikati ya sufuria. Duaradufu ya chini huwa imefunguka zaidi kuliko ya juu, kwa kuwa iko mbali zaidi na usawa wa macho yako. Anayekosea hapo hupata sufuria iliyopondeka, kisha hujihukumu kwamba hakuzaliwa na mkono wa kuchora. Hakuambiwa tu. Chora mistari mirefu kwa kusogeza bega badala ya kiwiko na kifundo, chora hata upande usioonekana kana kwamba chombo ni cha kioo, na tumia kalamu ya wino ili usipoteze muda kufuta.

Dhana: Kompyuta imeua penseli

Programu hudai vipimo kabla wewe mwenyewe hujajua unataka nini. Karatasi haidai chochote. Kwa nusu saa naweza kuchora vishikio ishirini vya mtungi na kuvikataa kumi na tisa bila uchungu, lakini umbo nililolijenga kwa siku mbili kwenye skrini nitalitetea hata likiwa baya.

Kompyuta ina zamu yake, nami naipenda. Blender, programu ya kujenga maumbo ya pande tatu kwenye kompyuta, ni huria tangu 2002, na kijana wa Umoja au Kawangware mwenye laptopu ya wastani anaweza kutoa renda, yaani picha za kompyuta zinazofanana na kitu halisi, zenye kushawishi. Programu hufuatilia miale ya mwanga inavyogonga uso wa chombo na kuruka. Siri moja ndogo ni kwamba ukingo wa kitu halisi hauwi mkali kabisa. Uviringishe hata kwa nusu milimita, nao utashika mstari mwembamba wa mwanga, na jicho litaamini.

Kuhusu kulinda umbo ulilobuni lisiigwe, usitegemee tarehe uliyoandika daftarini. Usajili wa sura ya bidhaa hufanywa KIPI, taasisi ya serikali ya Kenya ya mali ya viwanda, hudumu miaka 5 na huweza kuhuishwa mara mbili, jumla miaka 15. Hulinda sura pekee. Namna chombo kinavyofanya kazi ni jambo la hataza, yaani haki ya uvumbuzi.

Dhana: Picha ikipendeza, kazi imekwisha

Niliwahi kubuni upya rafu ya bati ya kukaushia vyombo, yenye mfereji wa kukusanya maji. Renda yake ilimfurahisha kila aliyeiona. Nikaipeleka Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali. Fundi mmoja mzee aliikuza kwenye simu yangu kwa vidole viwili, akanyamaza kidogo, akauliza, "Kijana wangu, nyundo itapitia wapi?"

Mfereji niliuchora kama boksi lililofungwa pande zote. Ribiti zilihitaji kugongwa kutoka ndani, na ndani hapakuwa na njia. Tena kingo nilizipa unene wa milimita 3 kwa sababu zilipendeza kwenye mwanga, ilhali bati lake halikufika hata milimita moja.

"Kumbe picha haitoshi, mzee, nionyeshe," nikamwambia. Akachukua chaki, akachora mfereji ulio wazi juu ya bati lenyewe, kwa ukubwa wake halisi, ukingo ukiwa umekunjwa mara mbili. Mkunjo ule uliupa ukingo unene, ukaupa nguvu, na mkono wa anayeosha vyombo haukukatwa. Nilipiga picha chaki ile kabla nyundo haijaifuta, na jioni hiyo nikafungua daftari ukurasa mpya.