Mguu Kutouma Si Uzima

Dhana: mguu usiouma hauna neno.

Ami yangu, mwenye kisukari, alitoka msikitini Langoni, mtaa wa Lamu, baada ya adhuhuri, akaja kuketi barazani. Mjukuu ndiye aliyeona damu. Msumari ulikuwa umetokeza ndani ya champali, wayo umetoboka, naye ameitembelea tangu asubuhi bila habari.

Ukweli: kisukari cha miaka mingi huharibu neva za miguu, yaani mishipa ya hisia, na mara nyingi hupunguza damu inayofika huko. Kidonda huchimbika kimya kimya. Katika kliniki ya kisukari hisia za mguu hupimwa kwa uzi wa nailoni, mfano wa mshipi wa kuvulia, unaopinda ukibonyezwa kwa uzito wa gramu 10. Usipouhisi, basi tazama miguu kila siku: nyayo, baina ya vidole, na ndani ya viatu kabla ya kuvaa. Udhu hauna kosa, kosa ni kuondoka na maji kati ya vidole. Maji ya moto nayo yapime kwa kiwiko, usiyapime kwa mguu.

Dhana: ukienda hospitali na kidonda cha sukari, utakatwa mguu.

Hii ndiyo naisikia zaidi, na naelewa ilikotoka: watu walimuona fulani akirudi bila mguu. Hawakuuliza alikwenda lini. Ukweli: kidonda kikiwahiwa husafishwa, nyama iliyokufa huondolewa, mguu huzuiwa kubeba uzito, sukari hushushwa. Mara nyingi mtu hukatwa pale usaha umeshafika mfupani, au damu haifiki tena vidoleni. Ukiona wekundu unapanda, harufu, au kidole kinageuka cheusi, usingoje chombo cha kuvukia cha kesho. Ami alisafishwa siku ile ile, akachomwa sindano ya pepopunda. Bado anatembea, na bado anabishana na madaktari.

Dhana: kifundo cha mguu ukiweza kukichezesha hakikuvunjika, mpelekeni akakandwe.

Ukweli: kuna mifupa iliyovunjika inayochezeka vizuri tu. Jaribu kutembea hatua nne. Ukishindwa, au ukibonyeza mfupa wa fundo wenyewe ukaruka kwa maumivu, nenda ukapigwe picha. Na wakandaji wetu wanisamehe: kuchua kwa nguvu siku ya kwanza huzidisha uvimbe. Pumzisha mguu, uinue, weka barafu iliyofungwa kitambaa.

Dhana: matibabu ya miguu ni Mombasa tu.

Wataalamu wa miguu peke yake ni wachache Kenya nzima. Kazi yao hufanywa na tabibu, muuguzi wa kisukari na mtaalamu wa fiziotherapia. Aliyeko visiwani, Pate au Kizingitini, aanzie kituo kilicho karibu, akiwa amejisajili SHA, bima ya afya ya serikali, na akipewa rufaa asiondoke bila barua yake.

Dhana: mtoto aliyezaliwa nyayo zimegeukia ndani atanyooka akianza kutembea.

Hanyooki. Huwekewa plasta ngumu ya jasi inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara 5 hadi 7, na wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino. Kisha huvaa viatu vilivyounganishwa kwa ufito: miezi 3 ya kwanza karibu mchana na usiku, halafu wakati wa kulala hadi afike miaka 4 hivi. Mara nyingi wanaorudi kupigwa plasta upya ni wale ambao viatu vilivuliwa mapema, kwa sababu mtoto alilia na bibi akamuonea huruma.