Umehifadhi, lakini wapi? Kwa wanaoanza kuchora OpenStreetMap

Anayeanza kuchora kwenye OpenStreetMap mara nyingi hukwama mahali pasipohusiana na ramani hata kidogo. Nyumba anaiona vizuri kwenye picha ya setilaiti, pembe zake nne anazibofya sawasawa, anawasilisha kazi na kufunga kompyuta. Kesho yake anarudi kutazama, anakuta kiwanja kitupu. Anahisi hafai kwa kazi hii, na wengine hawarudi tena. Kuchora alichora vizuri. Kazi yake ilibaki kwenye dirisha moja wakati yeye alibonyeza kitufe cha dirisha jingine.

OpenStreetMap ni hifadhidata ya ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, na yeyote mwenye akaunti anaweza kuiongezea. Kibera, Nairobi, wakazi walianza kuchora mitaa yao mwaka 2009. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulianza mwaka 2015 na kuwaweka pamoja wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa inayokumbwa na mafuriko, wakachora mitaro, vichochoro na nyumba. Hifadhidata ni moja, ila milango ya kuiingia ni mingi, na kila mlango ulijengwa na watu wengine kwa wakati mwingine. JOSM, programu ya kusakinisha kwenye kompyuta, ilianza mwaka 2005. iD, kihariri kinachofunguka ndani ya kivinjari, kilikuja mwaka 2013. Tasking Manager, tovuti ya shirika la HOT (Humanitarian OpenStreetMap Team), hugawa eneo kubwa katika miraba midogo ili watu wengi wasirundikane mtaa mmoja. Kwenye simu kuna StreetComplete, Every Door, Vespucci na Organic Maps. Hakuna aliyeketi akapanga vitufe vya zana hizi zote vifanane, na gharama ya hilo humwangukia mgeni.

Akaunti ni moja

Fungua akaunti openstreetmap.org, kisha nenda kwenye baruapepe yako ubofye kiungo cha kuithibitisha. Hiyo hiyo ndiyo utakayoitumia Tasking Manager, JOSM na kwenye simu. Wengi wakifika Tasking Manager na kuona kitufe cha kuingia hudhani wanatakiwa kujisajili upya. Kinachotokea ni kwamba kidirisha kidogo kinachomoza kutoka OpenStreetMap kikikuuliza kama unairuhusu Tasking Manager ifanye kazi kwa jina lako. Kubali. Kidirisha kisipotokea, kivinjari chako kimekizuia: tazama mwisho wa sehemu ya kuandikia anwani, bofya alama ya kidirisha kilichozuiwa, ruhusu, kisha ingia tena. Wiki ya OpenStreetMap ndiyo yenye akaunti yake tofauti, na anayeanza hana haja nayo ili kuchora.

Kazi yako iko wapi kwa sasa?

Hapa ndipo penye hasara kubwa, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Kila nyumba unayochora inaweza kuwa katika moja ya sehemu nne: kumbukumbu ya kivinjari chako, faili kwenye kompyuta yako, seva ya OpenStreetMap, au picha ya ramani ambayo watu wanaitazama. Neno “hifadhi” lina maana tofauti kulingana na dirisha ulilolifungua.

Mfano ulio wazi kabisa ni Ctrl+S. Ndani ya iD, vitufe hivyo vinaanza safari ya kupeleka kazi kwenye seva. Ndani ya JOSM, vitufe hivyo hivyo vinaandika faili ya .osm kwenye diski ya kompyuta yako, na kazi haiendi popote. Aliyejifunza iD wiki iliyopita akahamia JOSM leo atabonyeza Ctrl+S, ataona imekubali, na ataondoka na amani moyoni huku nyumba zote mia moja zikiwa kwenye folda yake. Ili zifike kwenye seva kupitia JOSM, unapakia: bofya mshale unaoelekea juu, au bonyeza Ctrl+Shift pamoja na kishale cha juu.

iD nayo ina mtego wake. Kitufe cha kuhifadhi kilicho juu kinaonyesha idadi ya mabadiliko ambayo bado hayajaenda. Ukikibofya, kazi haiondoki papo hapo. Panafunguka paneli ya pembeni yenye sehemu ya kuandika maelezo, na chini yake kipo kitufe cha pili, cha kupakia. Wapo wanaoishia kwenye kitufe cha kwanza. Kazi imefika pale tu unapoonyeshwa namba ya fungu la mabadiliko (changeset), yaani mabadiliko yote uliyoyapakia kwa mara moja. Namba hiyo ichukulie kama stakabadhi ya benki: bila stakabadhi, hujaweka pesa.

Ukifunga kivinjari kabla ya kupakia, si lazima kazi iwe imepotea. iD huweka mabadiliko kwenye hifadhi ya kivinjari, na ukirudi inakuuliza kama unataka kuyarejesha. Lakini kivinjari hutunza vitu kwa kila tovuti peke yake. Uliyochora kwenye iD iliyomo ndani ya Tasking Manager hutayaona ukifungua iD kupitia openstreetmap.org, ingawa kwa macho vihariri hivyo viwili ni pacha. Rudi kwenye tovuti ile ile, kivinjari kile kile, kompyuta ile ile. Kwenye kompyuta ya maabara ya chuo au ya intaneti kafe, ambako mashine nyingi hufuta kila kitu zikizimwa, usitegemee urejeshaji huo: pakia kila baada ya nyumba ishirini au thelathini.

Halafu kuna Tasking Manager yenyewe. Ukichukua mraba, mraba huo unafungwa kwa jina lako kwa muda wa saa 2, kisha unaachiliwa wenyewe. Kuwasilisha mraba ni kutoa taarifa tu kwamba umemaliza; hakupeleki mchoro wowote kwenye seva. Ukichora kwa iD iliyo ndani ya ukurasa huo, mfumo hukuzuia kuwasilisha kama kuna mabadiliko ambayo hayajapakiwa. Ukichora kwa JOSM, Tasking Manager haina macho ya kuona JOSM inafanya nini. Itakubali uwasilishe mraba ambao hujapakia nyumba yake hata moja, na mhakiki, yaani anayekagua kazi za wengine, atakayefuata atakuta mraba “umekamilika” na mtupu. Kwa hiyo mpangilio ni huu daima: chora, pakia, ona namba ya fungu, ndipo uwasilishe.

Zile saa 2 nazo zina madhara yake. Muda ukiisha ukiwa na nyumba hamsini ambazo hujapakia, mwenzako anaweza kuuchukua mraba huo na kuanza kuchora nyumba zile zile. Mkipakia wote wawili, seva itapokea zote bila kulalamika. Seva hugundua mgongano pale watu wawili wanapobadilisha kitu ambacho tayari kilikuwepo, kwa kulinganisha namba za toleo. Haina namna ya kujua kwamba michoro miwili mipya ni nyumba moja.

JOSM haifunguki

Ukichagua JOSM kwenye Tasking Manager na kuambiwa haionekani, sababu huwa mbili. Ama hujaifungua JOSM kabla ya kubofya, ama udhibiti wa mbali (Remote Control) haujawashwa. Bonyeza F12 ndani ya JOSM, tafuta sehemu ya udhibiti wa mbali, weka tiki, ifunge programu na uifungue tena. Kivinjari huongea na JOSM kupitia mlango namba 8111 wa kompyuta yako mwenyewe, na baadhi ya vivinjari huukataa mlango huo. Ukishindwa, jaribu kivinjari kingine. Usiikwepe Tasking Manager kwa kupakua eneo moja kwa moja ndani ya JOSM. Nyumba zitafika, ila hashitegi ya mradi, yaani lebo yake inayoanza na alama ya #, haitaambatana nazo, na kazi yako haitahesabiwa kwenye mradi. Kwa sababu hiyo hiyo, kwenye sehemu ya maelezo usifute yale yaliyojazwa tayari; ongeza yako baada yake.

Herufi moja, kazi mbili

Q hunyoosha pembe za jengo katika iD na katika JOSM, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini M katika iD ni kusogeza kitu, na katika JOSM ni kuunganisha nukta. A katika JOSM huanzisha uchoraji, ilhali katika iD unaanza eneo kwa namba 3. Mtu anayeruka kati ya programu hizi mbili kwa siku moja, vidole vyake vitamponza kabla akili haijawahi.

Majina ya vitu nayo hugeuka. iD inakuonyesha neno la kawaida, yaani jengo, na kuficha tegi yenyewe, yaani lebo inayohifadhiwa kwenye hifadhidata, ambayo ni building=yes. JOSM inakuonyesha tegi, na haikuulizi umechora nini: ukishafunga umbo, unabonyeza Alt+A na kuandika mwenyewe. Ndani ya iD kosa huja kwa njia nyingine. Ukitafuta “makazi” kwa Kiingereza (residential), unaletewa barabara ya makazi, eneo la makazi na jengo la makazi, kimoja chini ya kingine. Anayechagua eneo la makazi kwa nyumba moja ameigeuza nyumba hiyo kuwa kitongoji kizima chenye ukubwa wa chumba na sebule. Kwa miraba yako ya mwanzo chagua jengo tupu, basi.

Lugha ya menyu huchaguliwa kila mahali peke yake: kwenye akaunti ya OpenStreetMap, kwenye menyu ya Tasking Manager, na kwenye mapendeleo ya JOSM.

Picha za setilaiti zinahitaji uangalifu zaidi. Picha ya Bing na ya Esri za mtaa mmoja zinaweza kupishana kwa mita kadhaa. Mradi wa Tasking Manager hufungua iD na picha uliyopangiwa. Ukiingia kwa mlango wa openstreetmap.org, iD huenda ikaweka picha nyingine. Hapo nyumba zote zilizochorwa jana zitaonekana zimeteleza upande mmoja. Usizisogeze. Bonyeza B, rudisha picha ya mradi, na kama bado zinapishana, sogeza picha iendane na nyumba.

Umepakia, lakini huoni

Una namba ya fungu, ila ramani bado tupu. Ramani ya openstreetmap.org kwa kawaida huchorwa upya ndani ya dakika chache, lakini kivinjari chako kinaweza kuwa kinakuonyesha nakala ya zamani: bonyeza Ctrl+F5. Organic Maps kwenye simu hutumia data iliyopakuliwa, kwa hiyo badiliko la leo linaweza kuonekana baada ya wiki kadhaa. Na ukiongeza duka ndani ya Organic Maps bila kuunganisha akaunti yako ya OpenStreetMap, duka hilo linabaki kwenye simu yako peke yako. Uthibitisho uko kwenye wasifu wako wa openstreetmap.org, katika orodha ya mabadiliko yako. Kama fungu lipo hapo, kazi ipo. Usichore tena.

Kwa wanaofundisha: siku ya kwanza tumia iD ndani ya Tasking Manager pekee, na usiitaje JOSM. Mpe kila mwanafunzi achore nyumba tatu, apakie, akaisome namba ya fungu kwa sauti, ndipo aendelee. JOSM iingie baadaye, na sababu nzuri ya kuileta ni intaneti dhaifu, kwa kuwa data ikishapakuliwa mtu anaweza kuchora mtandao ukiwa umekatika. Waeleze pia kwamba ujumbe una masanduku mawili: mhakiki akiandika kupitia Tasking Manager, ujumbe unaingia kwenye sanduku la huko, akitoa maoni kwenye fungu la mabadiliko, unakuja kwa baruapepe kutoka OpenStreetMap. Mwanafunzi asiyelijua hili huonekana mkaidi kumbe hajawahi kuusoma.

Ukikuta nyumba mbili zimelaliana, usifute ile yenye umbo baya kwa haraka. Fungua historia ya kila moja. Bakiza ya zamani, irekebishe umbo, hamishia kwake tegi zozote za maana zilizo kwenye mpya, kisha futa mpya, na kwenye maelezo ya fungu andika kwamba ulikuwa unaondoa nyumba zilizojirudia.