Mkopo wa USDA si wa wakulima, na mshahara wa binamu yako unahesabiwa

"Lakini mimi si mkulima." Nimeambiwa hivyo wiki hii tena. Jamani! Kwa kuwa fomu ina jina la USDA, yaani wizara ya kilimo ya Marekani, watu wenye kazi nzuri za hospitalini na kwenye maghala wanaukwepa mkopo wa kununulia nyumba usiodai kianzio (pesa unayotanguliza mwenyewe) hata senti moja, kisha wanaendelea kukamuliwa kodi ya pango mjini. Mkopo huu hauulizi unalima nini. Tena ukitaka kununulia shamba la biashara, utakataliwa. Kinachotakiwa ni nyumba ya kuishi mwenyewe, eneo ambalo ramani yao inaliita la vijijini, na kipato kisichozidi kikomo.

Na hicho "kijiji" kisikutishe. Miji midogo mingi yenye hospitali na maduka makubwa imo, na kwa baadhi ya maeneo idadi ya watu inafika hadi 35,000. Kwenye ramani andika anwani kamili, usiandike jina la mji tu, maana mstari unaweza kupita katikati ya barabara: nyumba za mkono huu zinafaa, za ng'ambo hazifai. Mistari mingine siwezi kuitetea mbele ya mtu yeyote.

Mikopo yenyewe ni miwili. Wa moja kwa moja unatolewa na USDA kwa wenye kipato cha chini. Ruzuku inaweza kuishusha riba unayolipa hadi 1%, lakini ukija kuuza nyumba wanaweza kukudai sehemu ya ruzuku hiyo. Wa pili ni wa dhamana, nao ndio wengi wanaoupata: benki inakopesha, serikali inaidhamini. Anayedhaminiwa hapo ni benki. Wewe ukishindwa kulipa, nyumba inakwenda.

Sasa tuje kwenye kinachonichosha: kipato. Kuna hesabu mbili, na watu wanazichanganya kila siku. Ya kwanza ni ya kaya, kuona kama mmezidi kikomo. Humo anaingia kila mtu mzima atakayeishi kwenye nyumba, awe amesaini mkopo au hajasaini. Ya pili ni ya uwezo wa kulipa, nayo inawatazama waliosaini tu.

Chukua mume wa dola 58,000 kwa mwaka, mke wa 41,000, mtoto mmoja, na binamu wa kiwanda cha nyama anayeingiza 36,000. Jumla 135,000, watu wanne. Mwaka 2024, kwa mkopo wa dhamana, kaunti nyingi zilikuwa na kikomo cha dola 112,450 kwa kaya ya mtu 1 hadi 4. Wamekwama. Makato ya mtoto (kiasi kinachopunguzwa kwenye kipato cha kaya), ambayo yamekuwa dola 480 kwa mwaka, hayawaokoi. Wape watoto wawili badala ya mmoja: sasa ni watu watano, kikomo cha watu 5 hadi 8 kilikuwa 148,450, na wamepita. Mishahara ni ileile!

Halafu benki inamsahau binamu kabisa. Inachukua 99,000 za waliosaini, yaani 8,250 kwa mwezi, na kwa kawaida inataka gharama za nyumba zisizidi 29% (kama dola 2,390) na madeni yote pamoja na nyumba yasizidi 41% (kama 3,380). Programu ya kompyuta ya USDA inaweza kuruhusu zaidi faili likiwa na nguvu. Mkopo wa gari ndio unaoua wengi hapa.

Binamu akiwa mwanafunzi wa muda wote, sehemu ndogo tu ya mshahara wake inahesabiwa, basi lete barua ya chuo. Gharama za kulea watoto wa miaka 12 kushuka chini zinakatwa pia, ila kwa karatasi. Bibi wa jirani anayelipwa taslimu bila risiti hayumo. Na msimfiche binamu. Kudanganya kwenye fomu hii ni kosa la jinai la shirikisho, na leseni yake ya udereva ina anwani yenu.

Ada za mkopo wa dhamana: 1% ya mkopo wote mwanzoni, inayoweza kuongezwa kwenye mkopo, na 0.35% ya deni kila mwaka. Nyumba ya dola 180,000 inakuwa mkopo wa 181,818, na ada ya mwaka ni kama dola 53 kwa mwezi kwa kuanzia. Alama za krediti (zinazoonyesha unavyolipa madeni yako): benki nyingi hutaka 640 au zaidi.

Nyumba yenye kisima na septiki (tangi la maji machafu la nyumba), pimisheni maji mapema. Kisima kinatakiwa kuwa futi 50 kutoka kwenye tangi na futi 100 kutoka pale maji machafu yanaponyonywa ardhini. Mthamini akiona mashaka, mpango unasimama mpaka muuzaji arekebishe. Na benki ikishakubali, faili bado linakwenda USDA, kwa hiyo msiahidi tarehe ya kusaini kana kwamba hatua hiyo haipo. Serikali ya Marekani iliposimamisha shughuli kwa kukosa bajeti kuanzia Oktoba 1 hadi Novemba 12, 2025, waliobanwa na tarehe walijionea.

Kuhusu hiyo sifuri ya kianzio, mimi mwenyewe nina shaka ambayo vipeperushi haviisemi. Kwa riba ya 6.5%, baada ya miaka miwili bado unadaiwa kama 177,600. Uza kwa bei ileile ya 180,000, dalali achukue 5%, na utatoa mfukoni karibu dola 6,600 ili uondoke. Anayejua kazi yake inaweza kumhamisha mwakani, apange kwanza.