"Nilimkopesha" haikutokea tu mbele ya kamera

Natayarisha na kuandika vichekesho vya kamera. Juzi kwenye kikao cha harusi, Area D hapa Dodoma, shemeji mmoja ameniambia tena: "Wewe si unawasha kamera tu, wenzio wanachekesha?" Safari hii sikunyamaza.

Kibali cha Bodi ya Filamu, bajeti, nauli za wasanii, mafuta ya jenereta: hiyo ni kazi ya mtayarishaji, na mtu mvumilivu ataiweza. Kinachoniudhi ni watu kuamini kwamba hakuna aliyeandika.

Kwenye kichekesho chetu tuna sini, yaani onyesho moja, ya msibani. Mwanamume analia kuliko mjane. Bibi anamuuliza, "Baba, marehemu ni nduguyo?" Rasimu ya kwanza alijibu: "Hapana bibi, ila alikuwa na elfu hamsini yangu ambayo hajanirudishia." Tulipousoma mstari huo mezani, hakucheka mtu. Tukakata, tukakata tena, ikabaki: "Hapana bibi. Nilimkopesha."

Litazame neno hilo. Kitenzi chetu kinamtaja mtenda, wakati na mtendwa kabla ya tendo lenyewe. Ukisikia "nilimko..." na machozi yale unayaona, unajua inakuja "nilimkosea". Umeshaanza kumhurumia. Ndipo inashuka "-pesha". Kicheko chote kimekaa kwenye silabi mbili. Mwigizaji akizimeza, au akiongeza "kwa kweli" mwishoni, sini imekufa.

Tulishuti Nkuhungu mwezi wa saba, na upepo wa Dodoma mnaujua. Kila mara ulipiga maiki palepale kwenye "-pesha". Tukarudia mara tisa. Mara ya kumi tulitundika blanketi dirishani, fundi sauti akajibanza chini ya meza na maiki yake.

Halafu naambiwa, "Mbona King Majuto alikuwa anachekesha tu?" Mzee Majuto alipofariki mwaka 2018 alikuwa na miongo ya jukwaa nyuma yake. Watu walicheka au walinyamaza mbele yake, naye akarekebisha. Mwigizaji wangu anatazamana na fundi taa mwenye njaa. Nafasi ya wale watazamaji inashikwa na skripti.

Hata hivyo, mwigizaji huyohuyo alijifuta machozi kwa pindo la kanga ya bibi. Sikuliandika hilo, na huenda linachekesha kuliko mstari wangu. Nikishasikia mstari mara kumi, sijui tena kama una kitu. Kwa hiyo nilimwita mama anayetupikia aje asikilize. Alicheka, kisha akauliza, "Sasa mjane atamlipa?"

Nikachukua kalamu. Hiyo ndiyo sini ya pili.